Behewa la Daraja la Tatu

Katika historia ya Unguja imo tramu ambayo hakuna aliye hai aliyepata kuipanda. Mwaka 1879 Sayyid Barghash bin Said aliamuru itandikwe njia ya reli ya takriban maili saba, kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani. Mabehewa yake mawili ya fahari, ya aina ya Pullman, mwanzoni hayakuwa na injini. Yalikokotwa na baghala, kama tramu za miji mingi ya Ulaya na Marekani zilivyokokotwa na wanyama zama hizo. Mwaka 1881 Sayyid aliagiza injini ndogo ya moshi kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Reli hiyo ilizitangulia zote za Afrika Mashariki. Barghash alipofariki mwaka 1888, nayo ilimfuata: njia iling'olewa, na injini ikavunjwa ikawa chuma chakavu.

Zamu ya pili ilikuja mwaka 1905, pale kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilipojenga reli nyingine ya maili saba, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, garimoshi likipenya katika njia nyembamba za mji karibu kabisa na milango ya watu. Hilo nalo lilibeba abiria hadi miaka ya 1920, kisha likatoweka. Leo ukiuliza, wako watakaokuambia kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa garimoshi hilo. Ni maelezo matamu, ila Bibi Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo, miaka kumi na tisa kabla ya reli kufika huko. Kitu kikiondoka bila ya kuacha alama, ngano huja ikakalia kiti chake.

Nayawaza haya nikiwa mbali na bahari. Mimi ni mtu wa Unguja, lakini riziki imenileta Nyanda za Juu Kusini, ambako kwa miaka kadhaa sasa nasomesha Kiswahili katika skuli moja ya Mbeya. Huku asubuhi za Juni na Julai hupambazuka kwa baridi ya kuuma vidole, na sauti inayomkumbusha mtu safari si honi ya meli bali ni ya treni. Njia ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita hapa, na mahali pake pa juu kuliko pote ni Uyole, jirani na mji, takriban mita 1,790 kutoka usawa wa bahari. Ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua, na kampuni ya China, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 za Kimarekani. Habari hiyo iliwafurahisha wengi, nami nikiwamo. Lakini yakija mabehewa mapya, ya zamani yataondoka. Ndipo swali likanijia: je, liko hata moja tutakaloliweka kando, tukalitengeneza na kulipeleka makumbusho, au yote yatakwenda njia iliyokwenda tramu ya Barghash?

Kwa Mbeya swali hili lina historia yake, ingawa ni wachache wanaoijua. Katika miaka ya 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester injini 34 za moshi za aina ya Garratt, zilizoitwa daraja la 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na injini iliyozishinda kwa nguvu. Zilipewa majina ya milima yetu: moja iliitwa Mlima Mbeya, na nyingine Mlima Rungwe. Kwa hiyo jina la Mbeya lilikuwa likipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, limebandikwa ubavuni mwa chuma, karibu miaka ishirini kabla Mbeya yenyewe haijasikia mlio wa treni. Zama za moshi zilipokwisha, katika zile 34 zilisalia mbili tu: Gelai na Shengena. Gelai imo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mbeya na Rungwe zilikatwakatwa. Hakuna aliyezichukia, ni kwamba siku ya kukatwa ilipofika, hapakuwa na mtu aliyesema, "Hii niachieni."

Katika makumbusho hayo hayo ya Nairobi kuna behewa moja ambalo kila mgeni hupenda kulitazama. Ndani yake, mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikuwa akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba aliingia ndani, akamuua na kuondoka naye. Behewa hilo limehifadhiwa kwa sababu lina kisa. Na yale mabehewa mawili ya Barghash, lau yangebaki, yangehifadhiwa kwa sababu yalikuwa ya Sultani. Sina ugomvi na kisa wala na Sultani. Hata hivyo, safari nyingi za watu wetu hazikuwa na simba ndani yake, wala hazikuwa na mito ya hariri. Zilikuwa safari za daraja la tatu: mama na kikapu chake, mtoto amelala mapajani, gunia la viazi vya Uporoto chini ya kiti, mchele wa Kyela juu ya mzigo wa jirani, na Kinyakyusa, Kibena na Kibemba vikikutana katika Kiswahili ili watu wagombee nafasi na kisha wagawane chakula. Behewa la namna hii ndilo linalosahauliwa upesi, kwa kuwa kila mtu hudhani lipo tele. Na vitu vilivyo tele ndivyo vinavyokwisha bila ya kuagwa.

Nimepata bahati ya kujuana na mzee mmoja, Mbena wa upande wa Makambako, aliyekuwa seremala wa mabehewa na ambaye sasa amestaafu. Ufundi wake aliupata Mpika, Zambia, na mbele ya mafundi wa Kichina, ambao, kwa maneno yake, walifundisha kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, kwani maneno ya kuelewana yalikuwa haba. Siku moja alinichukua twende tukalitazame behewa la daraja la tatu ambalo halijasafiri kwa muda mrefu. Nilitaraji atanionesha ubovu wake. Badala yake alinisomea behewa lile kama mtu asomaye barua ya nduguye.

Alianza chini. "Watu wakija kukagua hutazama paa, mwalimu," alisema. "Wewe tazama pale maji yanapotuama." Akanionesha pembe za milango na maungio ya sakafu, ambako mvua za masika ya huku, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, huingia taratibu na kukaa, na kutu ikala chuma kwa ndani huku rangi ya nje ikibaki inacheka. Kisha akagusa mahali rangi ilipobambuka. Palikuwa na tabaka juu ya tabaka, mithili ya magamba ya kitunguu, na kila tabaka alilijua: hii ni ile ya mwanzo, hii tuliipaka sisi, hii walipaka waliokuja baada yetu. Mwisho akafika kwenye kiti kimoja karibu na dirisha, akaweka kiganja chake juu ya ubao. Ubao ule haukufanana na wenzake. Ulikuwa na wekundu wa mninga.

"Huu niliutia mimi," alisema. "Vipuri vilikuwa havipatikani, na behewa lilitakiwa asubuhi. Mninga ulitoka Chunya. Nilikesha nao."

Nikamwuliza: kama behewa hili lingetengenezwa kwa ajili ya makumbusho, ubao huo uondolewe, kiti kirejeshwe kama kilivyotoka China? Mzee alinyamaza kitambo.

"Mkiuondoa," alijibu, "mtapata kiti cha siku ya kwanza. Sasa hao waliokikalia siku zote zilizofuata mtawaweka wapi?"

Jibu hilo nimeondoka nalo, na kila nikiligeuza naliona limebeba mas'ala yote ya kukarabati vitu vya kale. Kukarabati ni kuchagua siku. Ukilirejesha behewa katika hali ya mwaka 1975, umeichagua siku ya hotuba, bendera na rangi mbichi. Siku hiyo ni ya kweli na inastahiki kukumbukwa, kwa kuwa watu walikufa katika kuijenga njia hii na nchi mbili zilipata pumzi kwayo wakati bandari za kusini zilikuwa mikononi mwa wabaguzi. Lakini siku hiyo ilikuwa moja. Baada yake zimekuja siku za nusu karne, za vipuri vilivyokosekana na werevu uliozibia pengo, na ushahidi wa siku hizo hauko katika hotuba yoyote. Umo katika ubao wa mninga. Wanaohifadhi vyombo vya kale ulimwenguni wana kanuni zinazoafikiana na seremala wetu: fanya kidogo kadiri iwezekanavyo, usifanye lisiloweza kutenguliwa, na andika kila ulichokifanya. Husafisha kipande kidogo cha ubavu, wakaacha tabaka zote za rangi zionekane kwa mpango, kabla ya kuamua iwapo patahitaji rangi mpya. Msasa uliopitishwa kwa haraka hufuta kwa asubuhi moja yaliyoandikwa kwa miaka hamsini.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake ziliishi vinywani mwa watu na katika karatasi zilizotawanyika, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, akishirikiana na mmisionari William Taylor, alipozikusanya kabla ya karne ya 19 kwisha. Na mwaka 1940 William Hichens akazitoa katika kitabu cha Diwani ya Muyaka. Thamani ya kazi ile haikuwa katika kuziokoa herufi peke yake. Walikuwapo bado watu wenye kujua utungo huu ulitungwa kwa nani, kwa mzozo upi, kwa kejeli ya namna gani. Shairi lililopoteza kisa chake husomeka, ila halisemi lote. Na mhariri mwema akikuta neno lisilomkalia vizuri hakimbilii kulifuta akatia la kwake. Hujiuliza kwanza kama ni kosa la mnakili au ni lahaja asiyoijua yeye. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuona utungo wa mzee wao "umesahihishwa" na kijana wa mjini, mizani ikasimama sawa na maana ikaondoka? Ubao ule wa mninga ni neno la lahaja. Atakayeung'oa kwa nia njema atakuwa amesahihisha namna hiyo.

Baada ya siku ile nilipanda basi kwenda Iringa, zaidi ya kilomita mia tatu kwa barabara, nikipita Makambako, mji wa reli ambao hadi mwaka 2012, ulipozaliwa mkoa wa Njombe, ulikuwa wa mkoa wa Iringa. Iringa mjini hakujafika reli, nami sikwenda kutafuta behewa. Nilikwenda kulitazama Boma. Jengo hilo la kuta nene lilijengwa na Wajerumani baada ya vita vyao na Wahehe, na kwa miongo mingi likatumika kwa kazi za serikali. Kwa mradi ulioitwa Fahari Yetu, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa fedha za Umoja wa Ulaya, lilikarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni. Nililolipenda ni kwamba ukarabati ule haukujifanya kutoijua asili ya jengo. Ni jengo la mtawala, na linaonekana kuwa la mtawala. Ila ndani ya kuta zile zile sasa husimuliwa habari za watu ambao kuta hizo zilijengwa ili kuwatawala. Lingebomolewa, hasira ingepata kitulizo cha siku moja. Lingesawazishwa likang'arishwa kama hoteli, lingekuwa halimwambii mtu lolote.

Kilomita chache kutoka hapo, Kalenga, limo fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani ilirejeshe. Lilirejea mwaka 1954, baada ya Gavana Twining kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa njia ya vipimo. Fuvu la binadamu si behewa, na heshima zake si za kulinganishwa. Nalitaja kwa sababu moja tu: watu wa Iringa wanajua uzito wa swali lisemalo, "Ni lenyewe?" Pale ambapo maandishi ya wakati ule hayakutunzwa pamoja na kitu, wajukuu hubakia kupima na kulinganisha, na wengine kutilia shaka. Kinachokipa kitu uhakika wake ni ushahidi uliofungamanishwa nacho wakati mashahidi wangali hai.

Yuko atakayesema: na tungoje, kikipotea tutaunda kingine. Nasi watu wa visiwani tunao mfano wa jambo hilo. Mtepe, chombo chetu cha mbao zilizoshonwa kwa kamba pasipo msumari, ulipokuwa umekwisha kutoweka baharini, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi walishona mwingine, ukawekwa katika Beit al-Ajaib. Ilikuwa kazi ya kuheshimika, na waliouona walijifunza mengi. Lakini mtepe ule ulisema namna mtepe ulivyokuwa. Haukuweza kusema ulibeba nani, ulipigwa na mawimbi gani, na ulizibwa wapi ulipovuja. Na hata nyumba uliyowekwa haikuwa na dhamana: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, ikiwa katikati ya ukarabati. Hatuna haja ya kukumbushwa kwamba kuchelewa kuna bei yake.

Yuko pia atakayesema, na huyu ana haki ya kusikilizwa zaidi, kwamba katika nchi ambayo bado kuna watoto wanaokaa sakafuni darasani, kutumia fedha kwa behewa bovu ni anasa. Nasomesha watoto, hoja hiyo nakutana nayo kila siku. Lakini hebu tuhesabu kinachohitajika. Behewa moja la daraja la tatu, lichaguliwe kabla mengine hayajauzwa. Kipande cha njia ya reli cha kulisimamishia, chenye upana ule ule wa milimita 1,067 unaoitofautisha TAZARA na Reli ya Kati. Paa la mabati juu yake, refu kuliko behewa lenyewe, kwa kuwa mvua ndiye adui wa kwanza. Mifereji ya kuondoa maji, mafuta ya kuzuia kutu, na mkono wa seremala mwenye subira. Hayo si mambo ya mabilioni. La ghali kuliko yote halinunuliwi kwa fedha: ni daftari, kinasa sauti, na mtu wa kuketi na mafundi wastaafu, watu wa umri wa babu zetu, awaulize kabla hawajatutoka. Chuma kina ustahimilivu. Kinaweza kungoja miaka kumi chini ya kutu yake. Ujuzi uliomo mikononi mwa mtu haungoji.

Kwa hiyo, ninachokiomba si behewa linalong'aa. Naomba mpangilio wa kazi ugeuzwe. Tumezoea kuanza na rangi, kisha tukaweka kibao, na mwisho, ikiwa muda upo, tukamtafuta mzee wa kutoa shukrani siku ya ufunguzi. Tuanze na mzee. Yeye ndiye atakayetuambia rangi ipi ibaki, kovu lipi lisizibwe, na bawaba ipi ilitengenezwa na nani baada ya ile ya asili kuvunjika. Behewa litakalotoka katika kazi kama hiyo huenda lisiwe zuri wa kupigia picha. Litakuwa na madoa, na kiti kimoja chenye ubao wa rangi nyingine. Pembeni mwa kiti hicho pawe na maneno machache tu, kwa Kiswahili: ubao huu ni mninga wa Chunya, ulitiwa usiku mmoja ili safari ya asubuhi isikose. Kisha mlango uachwe wazi, na watoto wa skuli waruhusiwe kuingia na kukaa.